Damu ya Chokoleti ya Wendell Stroud

Wendell Stroud alikuwa hodari wa kufa. Katika filamu za farasi na bastola pale Hollywood, hakuna aliyeporomoka kutoka paa la baa kwa adabu kama yeye. Studio ilimthamini sana: ilimuua kila msimu, tena mapema, asije akachelewa chakula cha mchana.

Mimi ndiye niliyempaka damu. Ilikuwa sharubati nzito ya chokoleti, kwa kuwa filamu zetu hazikuwa na rangi, na mbele ya kamera chokoleti hufanana na damu kuliko damu yenyewe.

Binti yake, Lorna, alikuwa na miaka saba alipomwona baba akipigwa risasi kwenye sinema ya mtaani. Hakukanyaga tena humo, na kila asubuhi Wendell akitoka kwenda kazini, mtoto alimng'ang'ania koti. Kwa hiyo Wendell alipopewa nafasi ya sherifu, mkuu wa polisi wa mji, anayebaki hai hadi mwisho, alimwahidi Lorna kwamba filamu hiyo wataitazama pamoja.

Kama ilivyo desturi, studio iliionyesha kwanza kwa watu wa mji jirani wa Pasadena, maana hakuna mjuzi wa sanaa kama mtu anayetafuna bisi. Watu wakangoja Wendell afe. Hakufa. Lilipofika busu la mwisho wakaangua kicheko, na mmoja akauliza kwa sauti kama huyu bwana kasahau kazi yake.

Kesho yake mwongozaji, Harlan Pike, mtu mwenye huruma nyingi, akamwita.

"Watazamaji wameshasema, kaka. Jumatatu tunapiga picha upya, tunakuua. Ila safari hii unakufa karibu na mwisho. Huoni unavyopanda cheo?"

Wendell alishukuru. Akaomba jambo moja tu: aje na mtoto.

Jumatatu Lorna alikaa kwenye kiti changu, ngumi mdomoni. Bastola ikalia. Wendell akaanguka vumbini, akafa vizuri hata mimi niliyempaka nikashtuka. Pike akasema, "Kata!" na kamera ikasimama. Maiti ikaketi, ikapiga chafya, ikauliza kahawa iko wapi.

Lorna akamkimbilia, akagusa kifua kile kilicholowa, akalamba kidole.

"Baba, kwani huwa unaamka?"

"Kila mara, mama."

Mtoto akamgeukia Pike. "Sasa mbona mnakata hapo? Hapo ndipo pazuri."

Pike alicheka sana. Kisha, alipoihariri filamu, akakata palepale.