Ngao ya Mfanyakazi Bora

Nilipopewa ngao ya mfanyakazi bora wa ofisi yetu ya maji, picha ikapigwa, kisha mkurugenzi, Ustaadh Shukri, akaninyooshea mkono.

“Irudishe, Bi Inshirah. Tunayo hiyo moja tu, na washindi wa ofisi nyingine wanaisubiri wapigwe picha nayo.”

“Siiachii.”

“Usinitie aibu mbele za watu!”

Nikashuka jukwaani nayo mpaka kaunta yangu. Dirisha lake la kioo halikai juu. Mwaka mzima nimeomba fundi, na wazee wa watu hulishikilia kwa mkono mmoja ndipo wanipe bili kwa mwingine. Nikaliinua, nikaweka ngao chini yake, likatulia.

“Hiyo ni ngao ya heshima!” akafoka Ustaadh.

“Basi iwaheshimu na wazee hawa. Lete fundi, ndipo uje uichukue.”