Alasiri ya Mwisho ya Shemasi Tillery

"Hayo makoti usiyaguse," Odessa Tillery alisema bila kuinua macho kutoka kwenye pasi. "Wale vijana wakija na kofia zao mkononi, kila mmoja anataka kuyashika. Utadhani ni mavazi ya mtume."

"Mimi si wale vijana, Shangazi."

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia kwa upole."

Verlene alifunga mlango wa kabati, akatoka chumba cha nyuma na kuja kuketi jikoni. Alikuwa na miaka kumi na sita na shingo ndefu ya baba yake, Lucius. Asubuhi ile alikuwa ameshuka kwenye basi la Baltimore bila taarifa, viatu vimelowa theluji, na mpaka sasa alikuwa hajasema amefuata nini Harlem. Odessa hakumuuliza. Alimpa uji wa mahindi wenye siagi, akaendelea na mashati.

Mashati yalikuwa ya wanamuziki. Kola kwanza, halafu mabega, halafu mikono. Kifua mwisho, kwa sababu taa za jukwaani hazina huruma na kifua. Odessa alikuwa amewafulia na kuwapigia pasi watu wa jazi miaka mingi, na mambo yao aliyajua kabla ya wake zao. Alijua nani ameanza tena kunywa, nani halali nyumbani kwake, nani anakohoa damu na kumwambia kila mtu ni mafua. Ya kaka yake aliyajua hivyo hivyo. Siku moja alikunjua mkono wa shati la Lucius akakuta vitone vya damu, vidogo kama mbegu za nyanya, kwenye kikunjo cha kiwiko. Aliviloweka kwenye maji baridi yenye chumvi na hakusema kitu. Alikuwa bado anajuta.

Dunia ilimwita Lucius "Shemasi", maana alipopiga saksafoni alisimama wima, uso umekazwa, kama mtu anayepitisha sahani ya sadaka. Picha zake zilikuwa magazetini. Paris ukumbi mzima ulisimama kumshangilia. Lakini New York polisi walikuwa wamemnyang'anya kadi ya kibali cha kupiga klabuni kwa sababu ya heroini, na bila kadi hakuna klabu iliyothubutu kumpandisha jukwaani. Kwa hiyo, baridi ile alipotoka hospitali, mtu maarufu kuliko wote waliozaliwa katika ukoo wao akaja kuishi chumba cha nyuma cha dada yake, akisubiri wakubwa wamrudishie ruhusa ya kufanya kazi yake.

Nyumba ya chini alikaa Bi Gaskins, aliyefanya kazi usiku na kulala mchana. Akisikia saksafoni aligonga dari kwa mpini wa ufagio. Lucius akawa anasimama mbele ya kabati, mdomo mpana wa saksafoni kaukandamiza kwenye makoti ili sauti imezwe, anapuliza taratibu. Ufagio ukizidi, aliacha kupuliza kabisa. Alichezesha vidole tu. Wanamuziki wengi wa nyumba za kupanga hufanya hivyo: wimbo mzima unapita vidoleni, hakuna sauti ila vibonyezo vya shaba vinavyogonga, tiki-tiki, tiki-tiki.

Odessa aliupenda mlio ule. Kaka yake alikuwa amemwomba, "Dessa, usinichungulie. Hospitali wamenichungulia vya kutosha," naye alimwahidi kuwa mlango hataufungua. Basi masikio ndiyo yakawa mlinzi wake. Vibonyezo vikigonga, Lucius yu salama.

"Nisimulie siku ile Baba alipofariki," Verlene alisema ghafla. "Nimeisoma kwenye jalada la santuri. Nataka nikusikie wewe mwenyewe."

Odessa alianza. Ulimi wake uliijua njia. Alikuwa ameisimulia kwa mwandishi wa kwanza huku analia, kisha kwa mchungaji aliyeitolea mahubiri, kisha kwa wenzake Lucius walioitungia muziki, na kwa kila kijana aliyepanda ngazi zile kuja kuona kabati. Alikuwa hapa, anapiga pasi. Kule nyuma Shemasi alikuwa akifanya mazoezi. Alasiri nzima vidole havikupumzika, mpaka giza likaingia. Alipokwenda kumwita ale, akamkuta amekata roho.

Alitarajia machozi. Uso wa msichana ulizidi kukazika.

"Saa kumi alikuwa anafanya mazoezi?"

"Alikuwa anafanya."

"Una hakika, Shangazi?"

"Mtoto wewe! Nilisikia kwa masikio yangu haya."

"Haya. Nilichofuata ni hicho." Verlene alisukuma bakuli mbele. "Ile ilikuwa siku yangu ya kuzaliwa. Aliniahidi atapiga simu saa kumi kamili, kwa Bi Leota jirani, kwa sababu sisi hatuna simu. Nilikaa kwenye ngazi za watu na gauni jipya, kila mpita njia ananiuliza nakwenda wapi. Simu haikulia. Mama akasema labda alizidiwa. Halafu ikatoka santuri, na nyote mnasema alikuwa mzima, anachezesha vidole."

"Verlene..."

"Watu wanamsifu, mimi naona aibu. Kati yangu na lile chuma lake la kupuliza, alichagua chuma. Sasa nimekusikia, narudi nyumbani nimtoe moyoni nipumzike. Hata picha yake sitaki tena kuiona."

Odessa aligeuza shati upande wa pili. Wakati huo, chini kabisa, Bwana Pettiford, mtunza jengo, akatia makaa kwenye tanuri kama kila alasiri. Mvuke wa kupasha vyumba joto ukaanza kupanda. Ulipita kwa Bi Gaskins, ukafika chumba cha nyuma, na kule ndani, penye kitanda kitupu, kitu kikaanza kugonga. Tiki-tiki. Tiki-tiki-tiki. Kikasita, kama mtu anayevuta pumzi. Kikarudi kwa kasi.

Verlene alisimama. Mikono ilimsisimka mpaka vinyweleo vikaonekana. "Ni yeye?" alinong'ona.

Wiki ile ile ya mazishi Odessa naye alikuwa amesimama vivyo hivyo, mkono umemganda kwenye pasi. Saksafoni ilikuwa tayari imechukuliwa na wenzake Lucius. Alikimbia akafungua mlango, akakuta kitanda, kabati, na bomba la mvuke chini ya dirisha likijigonga lenyewe kila chuma kilipopata moto. Alikaa sakafuni. Hadithi ilikuwa imeshachapishwa, lakini si hiyo iliyomfunga mdomo. Kama mlio ni wa bomba, basi Lucius alikuwa akifanya nini wakati dada yake anapiga pasi ameridhika? Daktari alikuwa amesema hakufa mara moja. Moyo ulichoka mchana, roho ilikawia.

Tangu hapo, kila alasiri ya baridi, kaka yake alirudi kufanya mazoezi. Odessa alijua ni bomba. Hata hivyo alizoea kumjibu. "Nakusikia, Lucius," alisema peke yake jikoni, na mara nyingine aliacha kupumua akisubiri kitu kimwite kwa jina.

Sasa angeweza kusema ndiyo, ni yeye. Msichana angeondoka na chuki yake, Odessa angebaki na heshima yake. Aliisimamisha pasi. 

"Ni bomba la mvuke," alisema. "Na siku ile lilikuwa bomba."

Verlene alimtazama.

"Saksafoni ilikuwa chini ya kitanda, kwenye kasha, mikanda imefungwa. Hakuigusa siku ile. Yeye alikuwa sakafuni karibu na mlango. Nilikuwa hapa nilipo, nasikia bomba, namshukuru Mungu kuwa kaka yangu mzima."

"Ungefungua mlango."

"Ningefungua."

"Si ulikuwa hatua chache tu, Shangazi!"

"Chache, mwanangu. Nazihesabu kila siku."

Verlene aligeukia ukutani. Alilia kwa hasira, akipiga paja kwa ngumi, na Odessa hakuthubutu kumshika. Alijua bado halijaisha. Lililobaki ndilo alilokuwa hajamwambia hata Mungu kwa sauti.

"Alikuwa amevaa koti," alisema.

Ngumi ilitulia. "Koti gani?"

"La kutokea nje. Na skafu. Kiatu kimoja ameshafunga kamba. Nikadhani anakwenda kwa wale wauzaji wa kona, kutafuta sindano yake. Nilipatwa na aibu, Verlene. Watu wangemkuta hivyo wangesema tulijua tu, hakuacha. Kabla sijaita mtu nikamvua koti, nikalitundika kabatini, nikamlaza kitandani."

"Kwani simu iko wapi?"

"Simu gani?"

"Simu, Shangazi! Mtu wa nyumba hii akitaka kupiga simu, anakwenda wapi?"

Odessa alimtazama kama mtu aliyeamshwa. "Duka la dawa," alisema polepole. "Pale kona."

"Alikuwa anakwenda kunipigia," Verlene alisema. Uso wa msichana ulilegea kidogo kidogo, ukawa wa mtoto. Kisha akageuka, akafungua mlango, na viatu vyake vikasikika vikishuka ngazi mbio.

Alikuwa ameacha koti lake kitini. Odessa alilichukua, akamfuata na aproni yake kiunoni, mkono kwenye reli ya ngazi. Bi Gaskins alichungulia mlangoni kwake. "We Dessa, kuna moto?" Odessa aliendelea kushuka.

Nje theluji ilikuwa inaanguka bila upepo. Dirisha la duka la dawa lilikuwa na taa, na ndani, nyuma ya rafu za sabuni, Odessa aliona kibanda cha simu. Verlene alikuwa amejifungia humo, mkono wa simu sikioni. Kidole hakikuwa kimegusa namba yoyote. Midomo yake ilikuwa inacheza upesi upesi, kama anayezungumza na baba yake, kisha ikatulia, naye akainamisha kichwa, anasikiliza.

Mwanamume mmoja mwenye haraka zake aligonga kioo cha kibanda. Verlene alimgeukia, machozi yakimtiririka. Yule bwana akaushusha mkono, akarudi nyuma, akaenda kusimama kwenye rafu ya miswaki akijifanya anachagua. Odessa hakuingia. Alibaki nje, koti la mtoto mkononi, akasubiri amalize.