Dereva Aliyeosha Gari Mvuani

Eda si mchezo. Mume wangu Ramathan alipofariki nilijua nitakaa ndani miezi minne na siku kumi, bila wanja, bila manukato, bila kuvuka geti. Yote hayo niliyapokea. Nilichosahau ni kwamba picha ya Afande Yangi ilikuwa imebakiza kipande kimoja tu iishe.

Afande Yangi si jina lake. Ni mpelelezi wa Kituruki mwenye koti refu. Lakini Muzamili, anayetafsiri picha kwa maikrofoni katika kibanda cha video nyuma ya nyumba yetu hapa Koboko, huwapa watu wa filamu majina ya kwetu na kuwaongezea maneno ambayo hawakuyasema. Picha humjia kwenye flashi kutoka Arua, na flashi hiyo hampi mtu, hata mkewe.

Mimi na Ramathan tuliifuata tangu mwanzo. Tajiri ameuawa kwa sumu, nani muuaji? Mimi nilisema ni wifi, dada yake tajiri, kwa sababu siku ya matanga watu wanalia, yeye anahesabu sufuria. Ramathan, aliyeendesha lori barabara ya Arua maisha yake yote, alisema ni dereva.

"Dereva gani naosha gari na mvua iko nanyesha?" aliniuliza. "Huyo iko naosha kitu ingine."

"Wewe natetea dada yako tu."

"Dada yangu iko wapi ndani ya video?"

Swali zuri. Dada yake anaitwa Medina, na kila nilipomtazama yule mama wa Kituruki nilimwona Medina. Nifanyeje? Macho ni yangu.

Tulibishana sokoni, tukabishana kitandani, tukabishana hata alipolazwa hospitali kule Arua, mpaka wagonjwa wengine wakaanza kuchagua upande. Jioni yake ya mwisho aliniambia, "Mama Shamim, kubali mara moja tu. Iko dereva."

Nikamjibu, "Iko wifi. Lala."

Akalala. Hayo ndiyo maneno niliyomuagia mume wangu, na yalinichoma. Basi niliomba muuaji awe wifi. Akiwa dereva, nimemnyima mtu wangu neno dogo la mwisho, na nimemnyima bure.

Medina alihamia kwangu kunilinda nisivunje eda. Alianza siku ileile ya matanga kwa kuhesabu sufuria uani, kwa sauti, kila mtu asikie. Wanawake walikuja kunipa pole. Walisoma Fatiha, wakapangusa machozi, kisha wakasogeza mikeka karibu.

"Tajiri hapana kufa," alisema Rejoice, jirani yangu kutoka Sudan Kusini, muuza samaki wa kukausha. "Wewe naona kaburi? Mimi hapana ona kaburi. Kama hapana kaburi, hapana maiti."

Bibi mmoja wa kutoka Kuluba, ambaye hajawahi kuingia kibandani hata siku moja, alitaka mpishi afungwe. "Mupishi hapana onja chakula yake? Funga yeye!"

"Iko dereva," alisema Medina huku akimenya vitunguu. "Wifi hapana ua mutu. Wifi nateseka tu."

Jumamosi ya kipande cha mwisho ikafika. Nilikuwa nimemuuliza mke wa shehe kama kwenda kumjua muuaji kunahesabiwa dharura. Alinitazama mpaka nikamwomba radhi. Medina naye aliweka kiti mlangoni, akakikalia. Sikujali. Nilibandika sikio ukutani, maana spika ya Muzamili, upepo ukiwa mzuri, inasikika mpaka Ludara.

"Afande Yangi naingia!" ilinguruma. "Natoa pingu! Muuaji iko... wifi! Dada ya tajiri! Ile mama ya kuhesabu sufuria!"

Niliruka. Mjane mzima, niliruka na eda yangu. "Medina, wewe nasikia?"

Medina alikuwa amesikia. Alijitanda kitenge, akachukua mwiko, akatoka bila kuaga. Kule kibandani watu walikuwa wakizomea, na mimi nikadhani ni wanaume waliokuwa upande wa Ramathan.

Mara Rejoice akaingia akihema. "Mama Shamim, Muzamili iko mugonjwa ya kichwa! Picha nasema ingine, mudomo yake nasema ingine. Pingu iko kwa mukono ya dereva! Chupa ya sumu iko chini ya kiti ya gari. Dereva nalia, Muzamili nasema, 'Huyu naenda kutoa ushahidi tu.' Watu natupa yeye maganda ya karanga!"

Nikakaa chini. Dereva. Hapo Medina akarudi akimkokota Muzamili kwa ukosi wa shati. Kwa kuwa si maharimu wangu, alimsimamisha nje ya pazia, mwiko juu.

"Sema kwa shemeji yako sababu ya kutukana mimi!"

"Shemeji, samahani," alisema Muzamili. "Ramathan naita mimi kule hospitali. Nasema, 'Muzamili, ile mutu iko dereva, mimi najua. Lakini wewe sema iko wifi. Mama Shamim nabaki peke yake. Wacha yeye nashinda.'"

Medina akauachia ukosi. "Kaka yangu nauza mimi," alisema polepole, "sababu ya wewe."

Nilikasirika, sitaficha. Mtu huyu hakuwahi kunikubalia hata bei ya nyanya, halafu anakwenda kunipa ushindi kisirisiri kwa spika ya Muzamili, mahali ambapo siwezi kumjibu! Na nilimpenda mpaka kifua kikaniuma.

"Muzamili," nikasema, "rudi kwa maikrofoni. Ambia watu ukweli. Ambia wao nani naona tangu mbele."

Akaenda. Nilirudi ukutani, Rejoice naye akabandika sikio lake kando ya langu.

"Tangazo! Muuaji iko dereva. Marehemu Ramathan nasema tangu mbele, na leo bibi yake nakubali. Wifi zote za Koboko, samahani sana!"

Watu wakashangilia kwa makofi na mbinja.

"Iko dereva, Baba Shamim," nikasema pale ukutani. Kisha nikalia kama sikuwahi kulia hata siku ya maziko. Uani Medina alikuwa amerudi kwenye sufuria zake, akizitenga moja moja: hizi zangu mimi, zile tulizoazima kwa ajili ya matanga, zirudi kwa wenyewe. Aliponisikia aliziacha chini, akaja akakaa nami.