Noti ya Sita

Machano alikuwa mpiga saksafoni wa bendi ya dansa ya Kikwajuni. Mwaka 1967 baharia mmoja aliwaletea santuri ya jazi, naye akaisikiliza mpaka mkewe, Mwanapili, akaichukia. Humo gitaa halihami, linakaa kwenye noti moja, Re, muda mrefu, na mpiga saksafoni anatembea juu yake apendavyo. Ngazi ya noti zake ni ya huzuni, ila noti ya sita, iitwayo Si, haikushushwa.

"Mwimbo wa huzuni hushushwa ya sita," alisema Duni, kiongozi wa bendi na mpiga tarumbeta, mtu wa ngumi, bendi ilipoanza kuufanyia mazoezi mwimbo wa santuri ile. "Ndivyo nlivyofunzwa."

"Huu sivyo. Ukiishusha, mwimbo unanuna. Sikiliza."

"Nshasikia. Utaishusha."

Jumapili, kwenye dansa la mchana Mpendae, zamu ya Machano ya kupiga peke yake ilipofika kwenye mwimbo ule, alifumba macho, akaipiga Si ile ile, akaing'ang'ania. Watu wakashangilia. Duni akaibamiza saksafoni kwa kiganja, ikamrudi Machano mdomoni. Meno mawili ya mbele yakavunjika.

Machano hakumbuki alikiokotaje kiti. Anakumbuka sauti tu: mti ukivunjika usoni mwa mtu, kisha Duni akilia kama mbuzi aliyekosewa kisu. Hata Duni alipoanguka, Machano aliendelea kumpiga kwa mguu wa kiti uliobaki mkononi, mpaka wachezaji wakamvamia wakamshika.

Duni akapoteza jicho. Machano akafungwa, akatoka na pengo, na saksafoni haitaki pengo, pumzi zinavuja.

Siku moja, asubuhi, hodi ikapigwa mlangoni kwa Machano. Alikuwa Duni, jicho limezibwa kwa kitambaa. Mwanapili, aliyekuwa akimenya muhogo, akakisukuma kisu chini ya mkeka, mbali na mkono wa mumewe.

"Nimeisikiliza tena ile santuri," Duni alisema, bila ya kukaa. "Ulisema kweli. Haikushushwa."

Machano alidhani maneno hayo yangempoza. Lakini damu ikampanda. Kumbe mtu huyu alikuwa na masikio! Angeweza kusikia siku ile, kabla ya meno, kabla ya jicho. Akamkaba kanzu, akambamiza ukutani hata chokaa ikapukutika.

"Machano!" Mwanapili alimkumbata kiunoni, akamvuta kwa uzito wake wote. "Mwache! Watakufunga tena!"

Duni hakurusha ngumi. Aliondoka ukosi umechanika. Machano akakaa kizingitini, na mikono yake bado ilikuwa inataka kupiga.