Zima Hilo Dude!

Shangazi alishona nguo za harusi kwa cherehani ya miguu, na kazi hiyo inataka sikio kama inavyotaka jicho. Sindano ikichoka hulalamika kabla ya kukatika. Lakini tangu mtoto wa kaka yake ahamie chumba cha uani na kompyuta yake ya kutengenezea muziki, na spika mbili zenye ukubwa wa makabati, Shangazi hakuisikia sindano tena. Ukuta ulitetemeka, pini zikaruka kutoka kwenye kisahani, na mishono ya shela ikapinda kama mwendo wa mlevi.

"Zima hilo dude!" alipiga kelele kila siku.

"Dakika moja tu, Shangazi!"

Dakika hiyo ilikuwa imeingia mwaka wa pili.

Alimwendea afisa utamaduni, bwana mwenye suti moja na ahadi nyingi. Afisa alimsikiliza kwa huzuni. "Ule si muziki, mama, ni ugonjwa. Nitaupiga marufuku." Akaupiga marufuku palepale, kwa mdomo, kisha akaenda kula.

Basi mchana mmoja afisa alipobisha hodi akiwa na wageni kutoka nchi tatu, Shangazi alishusha pumzi. Shela la bi harusi lilikuwa mezani, linatakiwa kesho yake.

"Karibuni. Spika ziko uani. Anzeni na ile kubwa."

"Mama, hawakuja kuchukua spika," afisa alisema. "Wamekuja kukuona wewe."

Kijana wa uani alijitokeza akikuna kisogo. Alipokuwa akirekodi, alieleza, sauti ya Shangazi ilipenya ukuta ikaingia kwenye wimbo, naye akaiacha. Sasa wimbo unachezwa kwenye kumbi za nchi ambazo yeye mwenyewe hajui zilipo, na sauti hiyo ikifika, watu wote huitikia, "Zima hilo dude!"

"Na wakishasema hivyo, wanazima?"

"Hapana, Shangazi. Hapo ndipo wanaongeza."

Afisa alikohoa kidogo. "Mimi nilikuwa wa kwanza kuutambua muziki huu."

"Kweli," Shangazi alisema. "Uliutambua kuwa ni ugonjwa."

Afisa alicheka kwa meno tu. "Sasa ni urithi wetu, mama. Kuanzia leo hakuna ruhusa ya kuuzima."

Wageni wakaomba apige ile kelele yake.

"Kasirika kidogo tu," afisa alimbembeleza. "Kwa ajili ya nchi."

Kijana akawasha. Ukuta ukatetemeka, kisahani kikapinduka, pini zote zikamwagika sakafuni.

"Zima hilo dude!"

Wageni wakarukaruka kwa furaha. Kijana akaongeza. Shangazi akainuka, akaenda moja kwa moja kwenye swichi kuu ya nyumba, akaishusha.

Kimya.

Alisubiri matusi. Badala yake wageni walifumba macho. Mmoja akamnong'oneza afisa.

"Anasema kwao hakuna dijei aliyewahi kuthubutu hivi!"

Wakapiga makofi, na afisa akawashinda wote. "Hata ukimya huu ni wetu!"

Shangazi alirudi mezani. Alikaa, akalivuta shela, akakanyaga pedali. Sindano ikaenda taratibu, ikisikika yote, nzima, haina malalamiko, na uso wake ukalegea.

Kisha akahisi pumzi shingoni. Maikrofoni yenye manyoya kama ya paka ilikuwa imeshushwa kando ya cherehani. Mgeni aliyeishika alikuwa amefumba macho. Kijana naye alikuwa akitikisa kichwa kufuata mdundo.

Shangazi akainua mguu.

"Usiache, Shangazi! Hapohapo!"

"Dakika moja tu," Shangazi alisema kwa upole. Aliinama, akaokota pini zake kiganjani. Akaichukua ile maikrofoni kutoka mkononi mwa mgeni, akailaza mezani, akaanza kuzichomeka kwenye manyoya yake, moja baada ya nyingine. Zilishika vizuri kuliko kwenye kisahani.