Sauti ya Shangazi Usukanini

Nahodha waliyemwita Pindua alikuwa ameangusha mashua mbili msimu mmoja, na ya pili aliiangusha mbele ya wapiga picha. Mwenyekiti wa klabu hakugomba. Alimwambia tu, "Mashindano yajayo nataka ufike ukiwa wima, na usiwe wa mwisho. Ukishindwa, usukani atashika mwingine."

Mashua yenyewe ilikuwa na miili miwili iliyounganishwa kwa wavu, na chini yake mabawa membamba. Ikishika kasi, mabawa huinyanyua mpaka miili yote miwili ikaacha maji. Raha yake ipo hapo, na balaa lake pia: mashua ikipanda mno, au pua ikiinama kidogo tu, wote wanaogelea. Ndiyo maana fundi wa kompyuta, mume wa dada yake Pindua, alifunga kwenye mabawa vifaa vya kupima kimo. Hatari ikikaribia, onyo lilisikika ndani ya kofia za wanamashua. Tatizo ni kwamba Pindua hakulisikiliza. Alisema sauti ile ya mashine inamkumbusha lifti.

Fundi alilifikiria jambo hilo kwa muda mrefu. Kisha akaenda kwa shangazi aliyemlea Pindua, mshona matanga wa klabu, akamwomba aseme maneno machache, akayarekodi kwenye simu.

Asubuhi ya mashindano Pindua alivaa kofia ili kuijaribu.

"We mtoto! Legeza kamba!"

Alijikuta amesimama kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Shemeji, hii ni nini?"

"Teknolojia, shemeji."

"Hii si teknolojia. Huku ni kunichongea."

Lakini ilifanya kazi. Shangazi akisema "Pua juu!", pua ilipanda. Akisema "Legeza!", kamba ya tanga iliachiwa kabla hajamaliza neno. Mvuta kamba, aliyeitwa Kimya kwa sababu hajawahi kunyamaza, alicheka njia nzima. Walipofika boya la mwisho walikuwa wa tatu kati ya mashua sita.

Walipolizunguka tu, sauti ikalipuka: "Legeza! Unataka kuniua kwa presha?"

Pindua akaamuru kamba iachiwe. Mashua ikashuka majini pwaa, kama gunia, na mashua mbili zikawapita. Sasa nyuma yao ilibaki mashua moja, nayo ilikuwa inakuja mbio. Wakakaza, wakanyanyuka tena.

"Legeza! We mtoto, husikii?"

"Naachia!" Kimya alipaza sauti.

"Ngoja." Pindua alitazama mbele. Pua haikuinama. Chini ya nyayo zake wavu ulikuwa umetulia, hautetemeki kama zile siku mbili alizoanguka. "Mashua iko sawa."

"Anayesema ni Shangazi!"

"Namjua anayesema. Shangazi, shikamoo. Leo naomba nisikutii. Kaza!"

"Nini?"

"Kaza, Kimya, kabla sijatubu!"

Kimya alikaza. Shangazi aliwagombeza mpaka kwenye mstari, wakauvuka wakiwa wima, wa tano, pua yao ikiwatangulia waliowafukuza kwa urefu wa mkono.

Gatini Shangazi mwenyewe alikuwa anawasubiri, mkasi umening'inia shingoni. Alikuwa amesikia yote kwenye spika ya fundi, iliyounganishwa na kofia zao.

"Nimekuita mara ngapi?"

"Nyingi, Shangazi."

"Na hukusikia?"

"Nilisikia. Ila miguu ilisema vingine."

Mashua ilipovutwa nje, fundi alitambaa chini ya bawa, akatoka na kipande cha mfuko wa plastiki. Kilikuwa kimejiviringisha kwenye kifaa cha kupimia, kikakidanganya kwamba mashua imepanda mno.

Shangazi alikichukua, akakigeuza.

"Miaka yote sijamgombeza mtoto huyu bila sababu," alimwambia fundi. "Leo kidude chako kimenisingizia."

"Samahani, Shangazi."

Mwenyekiti alipita, akampa Pindua mkono. "Wima, na si wa mwisho," alisema. "Kwa tabu, lakini nimeona. Usukani ni wako."

Shangazi hakugeuka. "Lete hiyo simu," alimwambia fundi. Akaisogeza karibu na mdomo, sauti yake ikashuka. "Mwanangu, angalia mwenyewe kwanza. Halafu legeza kamba."

"Na mimi je, Shangazi?" Kimya aliuliza. "Hakuna neno langu humo?"

"Lipo," alisema, akairudisha simu mdomoni. "Nyamaza."

Fundi akahifadhi yote mawili.