Kiti cha Mama Povu

Sabuni ilikuwa imeshika mabonge tena. Binti alizamisha mwiko kwenye sufuria kubwa, akauinua, rojo likaning'inia vipandevipande kama uji uliopikwa na mtu aliyenuna. Kaka yake alichota kidogo, akalikoroga kwenye glasi ya maji ya moto. Maji yakawa meupe kama ya kuoshea mchele.

"Mafuta yamezidi," alisema.

"Jana ulisema potashi ndiyo imezidi."

"Jana ilikuwa jana."

Tangu mama yao afariki, hakuna sufuria iliyotoka salama. Mtaa mzima ulimwita Mama Povu, na sabuni yake laini ilikuwa inang'aa hadi unaona kidole chako upande wa pili. Watoto walifuata kila kitu: mafuta yaleyale, potashi ileile, sufuria ileile. Walikoroga kwa zamu tangu moto unawashwa hadi wanakwenda kulala, kwa sababu ndivyo walivyomwona mama yao miaka yote, amesimama na mwiko mkononi. Sasa dobi, mteja wao mkubwa, alikuwa ameshasema kwamba sufuria hii nayo ikiharibika atatafuta sabuni kwingine. Alisema kwa upole, maana aliwapenda, lakini alisema.

Basi mama akaingia. Alipitia mlango wa uani, akafuta miguu kwenye gunia kama kawaida yake, kwa kuwa ilikuwa na udongo mwingi.

"Shikamoo mama," walisema wote wawili.

"Marahaba. Mnapika sabuni au mnapika kokoto?"

"Afadhali umekuja," alisema binti, akamkumbatia na machozi yakamtoka, kwa sababu alikuwa amemkumbuka kupita kiasi. Mama alinukia udongo, na chini ya udongo, mafuta ya nazi.

"Sikai sana," mama alisema. "Yaani, nimekuja kukaa tu. Kule wanatulaza, na kulala nimeshalala vya kutosha. Nataka nikae kwenye kiti changu, ninywe chai kikombe kimoja, nirudi."

Kiti chenyewe kilikuwa sebuleni, kochi la mtu mmoja ambalo watoto walimnunulia kwa mapenzi yao yote. Bado lilikuwa ndani ya nailoni yake. Hakuna aliyewahi kulikalia, mama mwenyewe akiwemo. Mgeni akijisahau akalisogelea, aliambiwa hapo ni pa mama, na mgeni alielewa.

"Utakaa mama, kwa nini usikae?" alisema kaka. "Ila tupia jicho rojo letu kwanza."

Mama akakunja mikono ya gauni alilozikwa nalo, lile zuri la maua. Aligusisha tone kwenye ulimi, akatema.

"Halijaiva. Na maji mliyoongezea yalikuwa ya baridi."

Hawakubisha. Mama akalirudisha motoni, akasimama kulikoroga. Rojo likawa zito, likavutika, likagoma kabisa, kisha taratibu likaanza kung'aa. Binti alikaa kwenye kigoda akimsimulia habari za mtaa, nani kaoa, nani kahama, na mama akacheka mahali pa kuchekea. Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa nyumba alipoepua, akamimina maji yaliyochemka, akafunika.

"Sasa tukoroge?" aliuliza kaka, mwiko tayari mkononi.

"Nani kawaambia mkoroge? Likishaiva haliguswi. Mnalifunika mnaliacha likae mpaka kesho, linalainika lenyewe. Sabuni iliyochoka haisukumwi."

Ndugu wale wakatazamana.

"Lakini mama, wewe ulikuwa unakoroga kutwa nzima."

"Nilikuwa nakoroga mpaka liive. Baada ya hapo nilikuwa nimesimama tu."

"Na mwiko?"

"Kila nikitaka kuuweka chini nikakae, mmoja wenu ananiita. Nikaona heri nibaki nao mkononi."

Kaka akacheka, akasema mama hajaacha utani wake. Binti hakucheka. Kitu kilimchoma moyoni, akaenda haraka kumtengenezea mama chai, yenye sukari nyingi kama alivyoipenda.

Likabaki suala la mahali pa kuiweka sufuria. Uani kulikuwa na upepo. Jikoni watu hupita, na paka hana adabu. Palitakiwa mahali tulivu, pasipotikiswa na mtu yeyote mpaka asubuhi, na katika nyumba nzima palikuwa na mahali pamoja tu pa namna hiyo. Nailoni ingezuia doa. Wakaibeba wote wawili, wakaipakata kama mtoto aliyelala, wakaiweka kwenye kochi, wakaizungushia blanketi.

"Hapo haigusi mtu," alisema kaka kwa fahari. "Hicho ni kiti cha mama."

Mama alikunywa chai yake amesimama kando ya kochi, taratibu, mpaka tone la mwisho. Binti alikuwa anakwenda kumletea mama kigoda, ndipo dobi akachungulia mlangoni.

"Mama Povu! Shikamoo! Mama ni mama bwana, hata akiwa marehemu. Basi safari hii mnipikie sufuria mbili."

"Mama," aliita kaka kutoka jikoni, "potashi ya sufuria ya pili tunaitia sasa au tusubiri?"

"Nakuja," alisema mama.

Siku hizi anakuja kila wiki. Binti amemshonea aproni yenye mifuko miwili, mmoja wa mwiko na mmoja wa miwani, na mtaani wanasema hawajapata kuona mzazi anayependwa na wanawe namna ile. Ni kweli, wanampenda. Asubuhi wanafunua blanketi na sabuni iko laini, haina bonge hata moja, inang'aa ndani ya sufuria yake kwenye kochi.

Mama huinama akaiangalia kwa muda mrefu.

"Imekaa vizuri," husema, kisha hurudi jikoni.